Mabalozi walikaa Dar, mikataba ikapita Mbeya

Januari 1962 ndege ndogo iliyotokea Bechuanaland ilitua Mbeya. Mmoja wa abiria wake alikuwa mwanasheria wa Afrika Kusini, Nelson Mandela, aliyetoka kwao kwa siri bila pasipoti, akielekea mkutano wa Addis Ababa. Tanganyika ilikuwa na umri wa mwezi mmoja tu. Hotelini alikuta Waafrika na Wazungu wameketi barazani wakipiga soga, jambo ambalo kwao hakuwahi kuliona. Mwenyeji aliyemsubiri alikuwa John Mwakangale, mwanasiasa wa TANU wa huku kwetu. Mwakangale alikuwa ameshaulizia wageni wake, ila mama wa Kizungu wa mapokezi alisahau kuwapa ujumbe. Mwafrika mmoja aliyekuwapo akamkumbusha, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba hao ni wageni wetu na wanastahili kuangaliwa vizuri. Mama yule akaomba radhi. Mandela alisimulia baadaye kwamba hapo ndipo alipojua kweli kwamba yuko katika nchi inayotawaliwa na Waafrika.

Aliposhuka Dar es Salaam alionana na Nyerere, na kwa safari yake iliyobaki akapewa karatasi ya serikali ikisema kwamba mtu huyu anaruhusiwa kutoka Tanganyika na kurudi. Karatasi tu, lakini ndiyo iliyomvusha viwanja vya ndege vya Afrika. Tazama jinsi jambo lenyewe lilivyokaa: chama chake cha ANC hakikuwa na balozi popote, na mkuu wa nchi yetu kisheria alikuwa bado Malkia wa Uingereza, kwa sababu Jamhuri ilikuja 9 Desemba 1962. Hata hivyo uamuzi mzito kabisa wa uhusiano wa nje, wa nani ni mgeni wetu na nani si mgeni wetu, ulikuwa umeshafanyika, na ulianzia kwenye meza ya mapokezi ya hoteli moja ya Mbeya.

Ninalianza jambo huku kwa makusudi. Habari za mabalozi wa miaka ile ya kwanza husimuliwa kama habari za Ikulu ya Dar: nani aliwasilisha hati zake za utambulisho, nani alipewa saa ngapi za kuondoka, Mwalimu alimjibu nini nani. Ukizisoma ukiwa Mbeya, Iringa au Makambako zinageuka sura. Kile ambacho wakubwa wa dunia walikitaka kwetu hakikuwa Dar. Kilikuwa huku, na kilikuwa njia. Zambia ilikuwa na shaba, haikuwa na bahari, na jirani zake wa kusini walikuwa walowezi. Yeyote aliyetaka kuisaidia Zambia au kuibana alilazimika kuitazama ramani ya Nyanda za Juu Kusini. Hoja yangu ni kwamba serikali changa ya Nyerere ililijua hilo na ikalitumia kwa ujasiri ambao leo tunausifu nusu nusu. Lakini katika kulitumia, ilitufanya sisi tunaokaa kando ya njia kuwa sehemu ya mizani tu, si wauzaji wenye sauti.

Mwaka wa kuutazama kwa karibu ni 1965.

Muungano wa Aprili 1964 uliiletea Dar tatizo lililokuwa tayari limeiva Zanzibar. Serikali ya Mapinduzi ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki, na Wajerumani wale walikuwa na ubalozi visiwani. Ujerumani Magharibi nayo ilikuwa na sera yake: nchi yoyote itakayoitambua Berlin ya Mashariki isahau urafiki wa Bonn, mji mkuu wake. Sasa nchi ni moja; utakuwaje na Wajerumani wa aina mbili? Nyerere alitafuta njia ya katikati. Februari 1965 alikubali Wajerumani Mashariki wabaki na konseli kuu Dar es Salaam, ofisi iliyo chini ya ubalozi, bila kuwapa utambuzi kamili. Kwa akili ya kawaida hayo yalikuwa maafikiano ya heshima. Bonn ikanuna, ikaondoa msaada wake wa kijeshi mara moja. Ilifikiri, kama wafadhili wengi wanavyofikiri, kwamba mtu akiondolewa kimoja ataogopa kupoteza kingine. Nyerere akawaambia wachukue na kilichobaki. Mafunzo ya anga waliyoyaacha Wajerumani yakachukuliwa na Wakanada.

Hili ndilo tendo ambalo watu wa siku hizi huliita kiburi. Mimi naona lilikuwa hesabu. Nchi ikikubali mara moja kwamba msaada wa visima na vyuo unaweza kuondolewa kwa sababu ya ubalozi wa mtu wa tatu, basi kila msaada utakaokuja baadaye utakuwa na uzi mrefu mguuni. Bei ya kukataa ilikuwa kubwa, lakini ililipwa mara moja. Bei ya kukubali ingelipwa kila mwaka.

Hapa nisimame kidogo Iringa, maana Wajerumani si wageni wa kawaida huko. Lugalo, tarehe 17 Agosti 1891, Wahehe waliliangamiza jeshi la Wajerumani lililoongozwa na Zelewski. Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alijiua 1898 asikamatwe hai, na kichwa chake kikasafirishwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles ulikuwa na kifungu kabisa kilichowataka Wajerumani wakirudishe. Kilirudi 1954, kikakabidhiwa Kalenga na Gavana Twining, Mwingereza, aliyekuwa na sababu zake mwenyewe za kutaka shukrani za Wahehe wakati Kenya inawaka moto. Na mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, ndiye aliyekuwa Spika wa Bunge letu mwaka huo wa 1965. Kiti cha juu cha kutunga sheria alikikalia mtu ambaye ukoo wake ulikuwa na deni na Wajerumani tangu kabla Bonn haijawa mji mkuu wa chochote. Lakini katika ugomvi wa 1965 mezani palikuwa na Berlin, Lugalo haikuwapo. Ilibidi tusubiri hadi Novemba 2023 ndipo Rais wa Ujerumani, Steinmeier, alipokwenda Songea na kuomba radhi kwa yaliyofanywa wakati wa Maji Maji. Karibu miaka sitini ya mabalozi ilipita katikati, wakija na miradi, wakiondoka na nishani.

Turudi 1965. Januari ya mwaka huo, kabla ya mambo ya Bonn, maofisa wawili wa Marekani walikuwa wamefukuzwa kwa tuhuma za kula njama: Robert Gordon wa ubalozini Dar na Frank Carlucci, konseli wa Zanzibar. Marekani ikajibu kwa kumfukuza ofisa wetu Washington, nasi tukamwita balozi wetu nyumbani. Huyo Carlucci baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Marekani, kwa hiyo anayefukuzwa kwako leo usimdharau. Miezi michache nyuma, Novemba 1964, Oscar Kambona, Waziri wa Mambo ya Nje na mtoto wa pwani ya Ziwa Nyasa, alikuwa ametangaza kwamba nchi za Magharibi zinapanga kuipindua serikali, akionyesha nyaraka ambazo baadaye zilibainika kuwa za kughushi. Sitamtetea. Wizara changa yenye maofisa wachache, iliyotoka kwenye maasi ya wanajeshi Januari 1964 na ikalazimika kwa aibu kuwaita makomando wa Kiingereza kuyazima, ilikuwa na kila sababu ya kuota majinamizi. Ila ubalozi wa nje si mahali pa kuropoka, na waraka huhakikiwa kabla haujapelekwa uwanjani.

Februari hiyohiyo Nyerere alikwenda China na kusaini mkataba wa urafiki. Uhusiano na Peking, Beijing ya leo, ulikuwa umeanza siku ileile ya Uhuru, 9 Desemba 1961, na balozi wao He Ying alikuwa ameshajua njia zote za Dar. Kisha, 11 Novemba, Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi, akatangaza uhuru wao Rhodesia, Zimbabwe ya leo. Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipomzima Smith ifikapo 15 Desemba, wanachama wavunje nayo uhusiano wa kibalozi. Siku ilipofika Uingereza haikuwa imefanya kitu. Nchi chache tu ndizo zilizotekeleza, Ghana na Misri zikiwemo, na Tanzania. Uhusiano ulikatika hadi Julai 1968, na mkopo wa pauni milioni 7.5 uliokuwa njiani ukaota mbawa.

Zambia, ambayo ndiyo iliyoumia zaidi, haikuvunja. Haikuweza. Mafuta yake, makaa yake ya mawe, treni zake, vyote vilipitia kwa Smith. Watu wanaolinganisha misimamo ya Kaunda na Nyerere kana kwamba mmoja alikuwa jasiri na mwingine mwoga hawajawahi kuitazama ramani. Nyerere aliweza kuvunja kwa sababu alikuwa na bandari na Kaunda hakuwa nayo.

Na angalia ni nini hakikuvunjwa. Tanzania haikutoka Jumuiya ya Madola. Mashamba ya chai ya Mufindi yaliyokuwa ya kampuni za Kiingereza yaliendelea kuchuma, na chai ikaendelea kwenda sokoni. Balozi aliondoka, majani yakabaki. Mtu anaweza kuliita hilo unafiki. Mimi naona ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote katika kisa kile. Ubalozi ni kauli, chai ni mshahara wa mtu wa Mufindi. Serikali ilivunja kile kilichokuwa mali yake kuvunja, ikaacha kile ambacho mwenye kuumia angekuwa mchumaji.

Ndani ya mwaka mmoja, basi, nchi yenye umri wa miaka minne ilikuwa imekosana na Washington, Bonn na London. Kitabuni mambo hayo hufuatwa na neno "kutofungamana na upande wowote", kana kwamba lilikuwa vazi la kujisitiri. Huku lilionekana kama msururu wa malori.

Baada ya Smith kujitangazia uhuru, mafuta ya Zambia yalianza kupita kwenye barabara ya vumbi kutoka Dar, yakipanda Kitonga, yakikata Iringa, Mafinga, Makambako, Mbeya hadi Tunduma. Kiangazi lilikuwa vumbi la kuziba pua, masika lilikuwa tope la kumeza ekseli. Madereva walikufa wengi, na Wazungu waliokuwa wakiendesha huko waliipa barabara jina la kuzimu. Kampuni ya malori ya Zambia na Tanzania ikaundwa kwa ubia na Waitaliano, na malori yao ya Fiat yakawa sehemu ya mandhari. Mtaa wa Mafiati hapa Mbeya wenyeji wanauhusisha na malori hayo. Waitaliano haohao wakalaza bomba la mafuta la TAZAMA, kilomita 1,710 kutoka Dar hadi Ndola, Zambia, likakamilika 1968. Barabara ikatiwa lami kwa sehemu kubwa kwa fedha za Marekani, pamoja na za Benki ya Dunia na Sweden. Ndiyo, Marekani ileile iliyofukuziwa maofisa wake 1965. Haikuweza kukaa pembeni ikitazama Wachina wakichukua njia yote peke yao.

Maana Wachina walikuwa wanakuja. Wazo la reli ya Tanzania na Zambia, TAZARA, lilikuwa limekataliwa na Benki ya Dunia mwaka 1964, kwamba halilipi. Uchunguzi uliogharamiwa na Uingereza na Kanada ukasema 1966 kwamba linawezekana, lakini hakuna aliyetoa fedha. Mkataba na China ulisainiwa Peking 5 Septemba 1967. Ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, reli ikavuka mpaka wa Tunduma 1973, na mwaka 1976, Julai 14, ikakabidhiwa: kilomita 1,860 kutoka Dar hadi Kapiri Mposhi. Kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa cha kwetu, kati ya Mlimba na Makambako, ambako mlima unapanda kwa ghafla kutoka bonde la Kilombero na kila kilomita ni daraja au handaki. Wachina zaidi ya sitini walikufa katika ujenzi huo, na Watanzania na Wazambia pia.

Kwa hiyo ukisimama leo Makambako, ndani ya matembezi mafupi utaziona mbio za mabalozi zikiwa zimelala chini: lami ya Mmarekani, na reli ya Mchina inayoikuta hapo mjini baada ya kupanda kutoka Mlimba. Sijui nchi nyingine changa iliyofanikiwa kuwafanya mahasimu wa Vita Baridi washindane kwa kujenga badala ya kwa kuleta bunduki. Angola ilipata bunduki. Kongo ilipata bunduki. Sisi tulipata chuma na kokoto, na hilo halikuja kwa bahati. Lilikuja kwa sababu 1965 dunia iliona kwamba mtu huyu akiambiwa "chagua" hachagui kwa woga, na kwamba kuna mwingine mlangoni.

Huku kwetu, hata hivyo, kuna hadithi moja inayohitaji kunyooshwa kila mwaka, hasa na vijana wa vijiwe vya bodaboda: kwamba Mao alitujengea reli bure. Haikuwa bure. Ulikuwa mkopo wa Yuan milioni 988, usio na riba, wa miaka thelathini, tuliogawana na Zambia. Na gharama za ndani, yaani mishahara ya vibarua wetu, chakula, mbao na mchanga, zililipwa kwa mtindo ambao wazee wanaukumbuka kwa vitu kuliko kwa maneno: tulikopeshwa bidhaa za Kichina, tukaziuza madukani, na fedha za mauzo zikaendesha ujenzi. Baiskeli ya Phoenix iliyokuwa ukutani kwa babu, tochi ya chuma yenye betri mbili, beseni jeupe la bati lenye ua jekundu katikati na ukingo wa buluu uliomenyeka kwa kugongwagongwa, vilikuwa malipo ya reli. Aliyenunua beseni pale Mwanjelwa alikuwa akilipa mshahara wa aliyekuwa akivunja mawe Mlimba. Mtindo huo ulikuwa na ustadi wake: nchi isiyo na fedha za kigeni ilijenga reli bila kuzitoa. Ulikuwa na ubaya wake pia, kwani tulilazimika kununua kilicholetwa, tukitaka tusitake, na kiwanda chetu kilichokuwa kinajaribu kutengeneza kitu hichohicho hakikuulizwa.

Hapo ndipo ninapoanza kuwa mkali kidogo na wazee wetu. Ujasiri wao mbele ya mabalozi sina neno nao. Lakini vitu vyote vitatu, bomba, lami na reli, vilipangwa na watu waliokuwa wakiangalia Ndola. Bomba lilipita vijijini likiwa na mafuta ndani yake, na kijiji kilichokuwa juu yake kikawasha kibatari. Reli iliiacha Iringa mjini kando kabisa, ikapita Kilombero, kwa sababu nzuri za kihandisi na kwa sababu hakuna aliyekuwa akiuliza mahindi ya Ismani yatasafiri vipi. Walionufaika walijinufaisha wenyewe. Makambako uliota kwenye makutano, Tunduma ikaota kwenye mpaka, Mlowo na Mbalizi zikaota palipokuwa na lori la kusimama na mtu wa kuuziwa. Wakulima wa mchele wa Usangu na wachuuzi wa Mlimba walijifunza ratiba ya treni na kuigeuza kuwa soko. Hakuna mkataba uliowataja.

Nitawasikia wakisema: ulikuwa wakati wa ukombozi, hayo yangesubiri. Sawa, na mkoa wa Iringa ulibeba ukombozi kwa mgongo wake. Kambi ya Mgagao ilikuwa ya wapigania uhuru wa Zimbabwe, na Azimio la Mgagao la 1975, ambalo maofisa vijana walimkataa kiongozi wao Sithole, liliandikwa kwenye baridi ya Iringa, si Dar. Wanakijiji wa jirani waliishi na siri hiyo kwa miaka. Watu walioweza kukaa na jeshi la nchi nyingine bila kuropoka wangeweza pia kuulizwa stesheni iwe wapi.

Uhusiano wa nje unaomgusa mtu wa Mbeya kila siku, hata hivyo, hauhusu Peking wala Washington. Unahusu Malawi. Banda alipofungua uhusiano wa kibalozi na makaburu mwaka 1967 alijitenga na karibu Afrika yote, na ugomvi wa Ziwa Nyasa ukachukua sura ya ugomvi wa nafsi. Sisi tukasema mpaka unapita katikati ya ziwa. Yeye akashika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1890 unaoweka mpaka ufukweni kwetu, na mwaka 1968 akafika hadi kudai kwamba Malawi halisi inafika mbali kaskazini mwa Songwe. Tukipima kwa mantiki ya kawaida, tulikuwa nchi iliyothubutu kuukana urithi wa mkoloni pale ulipotuumiza na kuushika pale ulipotufaa. Kila nchi ya Afrika imefanya hivyo, tusijione malaika. Usuluhishi wa marais wastaafu wa kusini mwa Afrika, Chissano akiwa mbele, haujaufunga mjadala. Wakati huo mto Songwe wenyewe hauna habari. Mafuriko yakija unahama, na shamba la mpunga la mtu wa Kyela linaamkia ng'ambo. Mwenye shamba anavuka kwenda kuvuna, na anarudi.

Machi 2025 Malawi ilizuia bidhaa kadhaa za nje kuingia kwake, zikiwemo ndizi, mchele, tangawizi na unga wa mahindi. Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi na ya Afrika Kusini, hii ya pili ikituhumiwa kuzifungia ndizi zetu kwa miaka. Baada ya siku chache mazungumzo yakafanyika na zuio likaondolewa. Kwenye magazeti ya Dar hiyo ilikuwa habari ya mvutano wa mawaziri. Kwa Tukuyu na Kyela ilikuwa mikungu ya ndizi inayogeuka rangi mpakani Kasumulu, kijani asubuhi, madoa ya manjano kesho yake, na kila doa ni punguzo la bei. Ndizi haina subira ya mwanadiplomasia. Mimi niliunga mkono jibu la serikali, kwani jirani akikufungia na wewe ukakaa kimya atazoea. Lakini nilitamani kuona kwamba kabla ya kujibu kuna mtu aliuliza idadi ya malori yaliyokuwa tayari barabarani na nani atafidia mzigo wake.

Sasa mbio zimeanza upya, na kwa sura inayofanana sana na ile ya zamani kiasi kwamba wanaozichambua kama jambo jipya wananishangaza. Shaba ya Zambia na ya Kongo inatakiwa tena, safari hii kwa magari ya umeme. Marekani na Ulaya wameweka nguvu kwenye reli ya Lobito inayotoka Angola kupitia Kongo. Septemba 2024, Beijing, mbele ya Rais Samia, Rais Hichilema na Rais Xi, ilisainiwa hati ya makubaliano ya kuifufua TAZARA. Mkopo wa Yuan milioni 988 ulikuwa wa serikali kwa serikali, kwa sababu za siasa. Safari hii inakuja kampuni ya Kichina inayotaka faida yake irudi. Kwa hiyo adabu ya mazungumzo nayo ni tofauti. Rafiki wa 1967 alitaka tumuunge mkono arudi Umoja wa Mataifa, na Oktoba 1971 alirudi, tukacheza ukumbini, Salim Ahmed Salim akiwa balozi wetu pale, na Wamarekani hawakusahau: miaka kumi baadaye walimzuia Salim kwa kura ya turufu asiwe Katibu Mkuu. Huyu wa sasa anataka tani.

Na tani ndicho kitu ambacho tunaweza kukizungumzia tukiwa tumekaa vizuri, maana tunazo. Parachichi za Njombe zinataka behewa la baridi. Mbao za Mafinga zinataka bei ya usafiri isiyozidi bei ya mbao. Mchele wa Mbarali, viazi vya Umalila, chai ya Rungwe: yote haya kwa sasa yanapanda malori yanayoshindana na malori ya shaba na ya salfa kwenye kona za Kitonga, huku stesheni kubwa ya Mbeya, na dari lake la juu na ukumbi wake mpana, ikikaa siku nyingi bila abiria wa kuujaza. Ikiwa mkataba wa kuifufua reli unahesabu tu mzigo unaotoka Kapiri Mposhi na kushukia bandarini, kampuni itakuwa na haki ya kuyapitisha mabehewa yake Makambako bila kusimama, na hakuna atakayeweza kulalamika kwa sababu hakuna kifungu kitakachokuwa kimevunjwa.

Ninachotaka kuuliza wabunge wetu wa mikoa ya Mbeya, Songwe, Njombe na Iringa ni jambo la kawaida kabisa. Je, kuna kifungu kinachotaja mzigo wa ndani, kiwango chake, stesheni zake na nauli yake? Kama kipo, kisomwe hadharani Mbeya, kwa Kiswahili, wakulima wakiwepo. Kama hakipo, kidaiwe. Hati za namna hii huwa na viambatanisho, na viambatanisho huandikwa na mtu aliyejitokeza na karatasi mkononi.